Majibu ya Dokta Mbwilo Yako Kwako

Bombay,
Jumapili, mvua haijakatika.

Dada yangu Zena,

Shikamoo dada. Nakuamkia kwa magoti yote mawili, na ukisoma mpaka katikati utajua kwa nini leo goti moja lisingetosha. Mguu wako unaendeleaje? Bado unavimba ukisimama sana pale stesheni na beseni la maandazi? Na mwanao Rashidi, anasoma kweli au anazurura na baiskeli za watu? Mimi sijambo. Mvua za huku zimeanza, nguo hazikauki, ukuta wa chumba changu umeota ukungu na mwenye nyumba ananiambia ni kawaida. Ugali sijauona tangu Ramadhani. Lakini mwili mzima, kazi ninayo, na simwombi mtu.

Ndani ya bahasha hii utakuta nyingine ndogo, nyeupe, nimeibana kwa gundi na kuandika jina langu juu ya mkunjo. Usiifungue kwanza. Yaliyomo nitakueleza mwenyewe humu humu. Barua hii anakuletea mama mmoja wa Kilosa mjini aliyekuja kutibiwa macho, anaondoka kesho. Kama wiki moja baada yake atakuja mtu hapo Kimamba kuifuata hiyo bahasha nyeupe. Mtu huyo ni Dokta Mbwilo wa Mikumi.

Najua umesimama. Tema mate ukitaka, halafu kaa chini, maana safari hii mwenye shida ni yeye.

Nianze mbali kidogo. Unajua nilikuja huku na ile familia ya duka la Kilosa, nije kumlea bibi yao. Kihindi nilichokiokota jikoni kwao nikisugua sufuria ndicho kinachonilisha leo. Bibi alipolazwa kwenye hospitali kubwa ya hapa, kulikuwa na mgonjwa kutoka Tanga analalamika na hakuna aliyemwelewa. Nikamsemea. Wakaniajiri. Na tangu mambo yafunguliwe huko kwetu, watu wakaanza kupata pesa na pasipoti, wagonjwa wa Kiswahili hawaishi. Daktari anasema Kihindi, mimi nasema Kiswahili. Mgonjwa anajibu Kiswahili, mimi narudisha Kihindi. Katika jengo zima mkalimani wa Kiswahili ni mimi peke yangu, na hilo nataka ulishike.

Chumba ninachokaa zaidi ni cha picha. Mna mashine kubwa ya duara, mgonjwa analala juu ya kitanda kinachoingia katikati yake, nayo inauonyesha mwili vipande vipande kama mkate wa kukata. Daktari wetu ni mwanamke mfupi asiyecheka. Akiona uvimbe kwenye picha hasemi ni kansa wala hasemi si kansa. Anasema tuuchukue tuutazame. Anatumia sindano yenye sindano nyingine ndani yake, kama kijiti cha wino ndani ya kalamu. Anapiga ganzi, anachoma mara moja tu, anatazama picha, anasogeza kidogo, anatazama tena, mpaka ncha ifike kwenye mdomo wa uvimbe. Hapo ile ya nje inabaki, haiguswi. Ya ndani inatolewa, na kwenye tundu lile lile anapitisha nyingine inayokata, inatoka na uzi mwembamba wa nyama, inarudi, mara tatu, mara nne, bila kumtoboa mtu upya. Na ule uzi unatokea ndani ya chuma, haugusi nyama nzima njiani. Wengine tukishamaliza wanauliza tunaanza saa ngapi. Vipande vinakwenda kwenye darubini, na baada ya siku chache mtu anajua anaumwa nini na anatibiwa nini.

Mwezi wangu wa kwanza nilikuwa nikitoka humo naingia chooni kulia. Huko kwetu wangetumia sindano ya kawaida pengine, lakini kazi ni ile ile. Na hicho ndicho mama alichoandikiwa pale Kilosa, dada. Hicho tu.

Wewe ulikuwepo, mimi sikuwepo, lakini nataka niyaandike yote yawe mahali pamoja. Nesi alimshika mama titi, akauhisi uvimbe, wakamwandikia karatasi ya kwenda Dar es Salaam. Akamwambia kwa upole kabisa, "Mama, utakwenda kuchukuliwa kinyama." Nesi alimaanisha kijinyama kidogo cha kupima. Mama, mtoto wa kambi ya mkonge, kinyama alichokuwa akikijua ni kile cha majambazi, mtu kupigwa kinyama, mtu kuuawa kinyama. Wewe ukamweleza njia nzima. Akasema sawa, lakini kwanza nimsikie dokta wangu. Na dokta wake alikuwa Mbwilo, aliyekuwa dresa, mfunga vidonda wa zahanati ya shamba hapo Kimamba tangu sisi tunazaliwa, mpaka shamba likafungwa, ikaja ruksa ya watu kufungua zahanati zao, akaenda Mikumi akafungua zahanati yake kando ya barabara kuu na kuandika Dokta ukutani kwa rangi nyekundu.

Ukampandisha mama basi mpaka Mikumi. Umesema siku zote kwamba ulimpa karatasi ile mkononi, akaisoma, akaikunja, akaitia kwenye droo, kisha akakutoa nje akabaki na mama. Mama alipotoka alikuwa ameapa kwamba Dar haendi. Mbwilo akamwanzishia sindano zake, akasema ni jipu la ndani. Miezi minane ya jipu la ndani, kila wiki basi la Mikumi, mpaka uvimbe ukapasuka wenyewe na mama akawa hawezi tena kupanda basi wala kuinuka.

Na siku ya arobaini ya mama akaja Mbwilo huyo huyo, na pikapu yake, na kanzu nyeupe. Akakaa kwenye mkeka karibu na Mjomba na wazee wa Rudewa, akasema hakuona karatasi yoyote. Angejua hospitali imeandika, angempeleka marehemu Dar kwa gari lake mwenyewe. Akasema binti mkubwa ndiye aliyemficha mama yake, kwa uchoyo wa kubaki na kibarua wa kumlelea mtoto. Tangu siku hiyo kwa Mjomba hawali chakula ulichokigusa wewe. Wasafiri wa treni wanakula maandazi yako mpaka Tabora, ndugu zako wa damu hawali. Kwenye harusi ya binti yake walibeba sufuria yako ya pilau wakaenda kuimwaga nyuma ya choo, na wewe umesimama unaona.

Sasa lile goti la pili. Siku ile ya arobaini Mjomba aliniuliza mimi: "Wewe mdogo, dada yako aliwahi kukuonyesha karatasi?" Nikasema sijui. Ningeweza kusema dada yangu hasemi uongo, nikasema sijui. Dada, nilikushuku. Si sana, lakini nilikushuku, na nilikuja nalo huku ng'ambo, na kila barua niliyokuandikia miaka yote hii ilikuwa na hilo chini yake. Nisamehe. Hasira utakayoisoma kuanzia hapa, nusu yake ni yangu mwenyewe juu yangu.

Wiki tatu zilizopita nikaitwa wodini, kuna mzee kutoka Tanzania, kifua, anakohoa damu. Nikaingia. Nikamwona yeye, kakonda, shingo imebaki mishipa, saa kubwa inazunguka mkononi. Mkewe amekaa pembeni na chupa ya chai. Miguu yangu ilitaka kurudi.

Sikumwamkia. Nilisema tu, "Habari yako."

Akanitazama. Unajua kwetu mtoto wa kike kumwambia mzee habari yako ni sawa na kumzaba kofi. Akangoja shikamoo yake, haikuja. Mwishowe akasema, "Binti, wa wapi wewe? Huku wamekusahaulisha adabu?"

"Wa Morogoro," nikasema. Hakunijua. Mimi wa Kilosa niliyekuwa nikisugua sufuria za Wahindi hakuwahi kunitazama usoni.

Mkewe ndiye aliyefurahi. Alinishika mkono akasema, "Afadhali, tumepata mtoto wa nyumbani." Mama wa watu hana kosa lolote, na ndiye aliyeniumiza zaidi kuliko wote katika mambo haya.

Daktari akaanza kueleza. Kwenye pafu la kulia kuna uvimbe, huenda ni kansa, huenda si kansa, lazima tuchukue vipande kwa sindano. Mimi nilikuwa nimeshajipangia, dada. Nilikuwa nimelichagua neno langu tangu mlangoni. Nikamtazama machoni nikamwambia, "Daktari anasema utachukuliwa kinyama." Nilitaka nimwone anavyotetemeka.

Hakutetemeka. Alicheka, akakohoa, akacheka tena. "Najua, binti, kinyama, kipande kidogo cha kupima. Mimi nimefanya kazi ya uganga miaka mingi. Washamba ndio wanaoliogopa hilo neno. Kuna bibi mmoja wa Kimamba aliniletea karatasi ya rufaa, kaandikiwa hicho hicho. Nikamtania, nikamwambia bibi we, kinyama si unakijua, kule wanakushika watu wanne. Alikimbia! Dar hakwenda, akabaki kwangu."

Mkewe akacheka kidogo, kwa adabu. Daktari akaniuliza mgonjwa anasema nini. Nikasema anasema amekubali.

Zena, alikuwa akikumbuka. Nilidhani amesahau, au kwamba hakusoma vizuri, au kwamba kweli wewe... nilidhani mengi. Kumbe karatasi aliipokea, neno alilijua, na kifo cha mama anakitembeza kama kichekesho mpaka Bombay. Nilitoka nje. Niliapa pale pale kwamba huyu mzee hatarudi Mikumi kama alivyokuja.

Siku ya sindano nilikaa nyuma ya kioo. Picha inapopigwa wote tunatoka chumbani, mgonjwa anabaki peke yake na mashine, na mimi nasema naye kwa kipaza sauti. Sauti yangu inatokea juu ya kichwa chake. Nasema shika pumzi, anashika. Picha inapigwa. Nasema pumua, anapumua. Akikosea, pafu linasogea na sindano inakosa mahali. Akikohoa sindano ikiwa ndani, pafu linaweza kuvuja upepo. Haya yote nilimweleza mwenyewe, na mikono yake ilikuwa imefungwa kwa mkanda laini ili asijisahau akajikuna.

Sindano ya nje ikaingia, ikafika, ikabaki. Tukatoka kwa ajili ya picha ya kuhakikisha. Nikabonyeza kitufe nikasema kwa sauti ile ile ya kazi:

"Mzee Mbwilo, usitikisike na usijibu. Chuma kiko ndani ya kifua chako. Yule bibi wa Kimamba uliyemcheka jina lake ni Hadija binti Athumani. Mimi ni mwanawe wa mwisho. Uliyemsingizia kwa wazee wa Rudewa ni dada yangu Zena. Leo mkalimani wako ni mimi, na hapa hakuna mwingine anayejua Kiswahili."

Machozi yalimtoka kwa pembeni, yakaingia sikioni, na hakuweza kuyafuta. Kwenye kile kioo kidogo cha mapigo ya moyo namba zikaanza kupanda. Daktari akaniuliza, "Unamwambia nini?" Nikasema namtuliza. Akasema, "Vizuri, endelea kuongea naye."

Nikaendelea. Nikamwambia juu ya jipu la ndani. Nikamwambia harufu ya chumba cha mama miezi ya mwisho, na jinsi ulivyokuwa ukifua zile khanga mtoni mapema ili majirani wasizione. Nikamwambia pilau ilimwagwa wapi. Kisha nikasema, "Shika pumzi." Akashika. Picha ikapigwa, ikaisha. Kazi yangu hapo ni kusema pumua. Sikusema.

Nakuandikia wewe kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia. Nilimwona kifua kimesimama, shingo imejaa, macho yanaitafuta sauti yangu kwenye dari. Angeweza kupumua, nani alimzuia? Lakini aliamini kwamba akipumua bila ruhusa yangu atakufa, kama mama alivyoamini. Fundi wa mashine akageuka kunitazama. Nilikuwa na raha, dada. Raha mbaya, ya tumboni. Ndipo nikasema pumua, na akapumua kwa kilio kilichosikika mpaka kwetu.

Daktari akarudi ndani akakata vipande vyake vinne, salama salimini. Tundu moja tu, hata plasta ilikuwa ndogo. Fundi hakunisema kwa mtu, lakini tangu siku hiyo haniachii chai yangu kwenye meza kama alivyokuwa akifanya.

Majibu yalitoka juzi. Hapa kazi ya kwenda dirishani kuchukua karatasi za wagonjwa wa Kiswahili ni yangu. Daktari akaisoma, akanipa pamoja na barua aliyowaandikia hospitali ya Kilosa, akasema mwambie mzee wako, na huko kwao aanze dawa mara moja. Nikazikunja zote mbili nikaziweka kifuani. Yeye alikaa na karatasi ya mama kwenye droo. Nikaona wacha na yeye aonje kukaa bila yake.

Nikaenda wodini nikamkuta mkewe ametoka kununua matunda. Nikamwambia, "Majibu yako yanakwenda Kimamba. Atakuwa nayo dada yangu. Ukifika, shuka hapo, mwambie aitwe Mjomba na wazee wa Rudewa. Simama mbele yao useme ulichoniambia mimi siku ile ukicheka. Ukimaliza, atakupa."

Akasema, "Binti, nitasimamaje mbele ya watu na uzee huu?"

"Ulisimama siku ya arobaini."

"Na kama nimebakiza siku chache? Niambie tu, ni nzuri au mbaya?"

"Mama alikaa miezi minane bila karatasi yake," nikasema. "Wewe jaribu wiki mbili."

Anaweza kunishtaki kwa wakubwa wa hospitali. Lakini kwa lugha ipi, na ataanzia wapi kueleza? Tiketi yake ni ya wiki ijayo. Mkewe anajua tu kwamba majibu yamechelewa, na kila akiniona ananiuliza, "Bado, mwanangu?" Nami namjibu bado, huku nikitazama viatu vyangu.

Sasa nikuambie kilichomo, maana kimeandikwa kwa Kiingereza cha kidaktari. Nilipokuwa nasubiri dirishani niliomba iwe mbaya. Sikufichi. Nilisimama kwenye foleni ya watu wanaowaombea wagonjwa wao heri, mimi naomba iwe mbaya kabisa.

Si kansa. Ni kifua kikuu. Uvimbe wote ule ni kifua kikuu, na dawa zake zinatolewa bure hapo hapo Kilosa. Akizimeza mpaka mwisho atapona, atanenepa, atavaa ile kanzu tena. Sindano imemwokoa Mbwilo, ile ile aliyomtisha nayo mama. Nimekaa na habari hiyo siku mbili na bado inanichoma.

Kwa hiyo akija mkalishe nje penye upepo, wala usimruhusu Rashidi asogee, ugonjwa huo unaambukiza. Mtume mtu wa kuaminika Rudewa, Mjomba aje mwenyewe, asitume mtoto. Mbwilo aseme mambo matatu: karatasi aliipokea mkononi mwako, neno alilijua, na aliyemtisha mama asiende Dar ni yeye, si wewe. Mama Pascali jirani yako awepo, ndiye pekee aliyekula kwako siku zote na anastahili kusikia. Akimaliza, mpe bahasha. Asipotaka kusema, kaa nayo. Usimwonee huruma ukimsikia anakohoa. Mama naye alikuwa akilia na hakumwonea.

Nisalimie huyo Mama Pascali, mwambie kitambaa chake cha mezani nimekinunua. Nisalimie shangazi yetu mkunga kule Mvumi, na mumewe mwenye mashamba ya mpunga, niandikie kama bado anagombana na ng'ombe wa watu. Rashidi mwambie mama mdogo wake anataka kuona ripoti ya shule. Mjomba usimpe salamu zangu. Atazipata akishakula kwako.

Nimepanga kila kitu, na bado kuna mtu mmoja ninayemtilia shaka, nawe ndiye. Nakujua. Utamwona kwenye benchi lako amejikunja, anakohoa, mkewe anakutazama, na utampa bahasha kabla hajafungua kinywa, pengine na chai juu yake. Ukifanya hivyo sitaweza kukuzuia, niko mbali. Lakini basi nidanganye, dada. Niandikie kwamba alisema kwanza.

Mdogo wako aliyekushuku na ameacha,
Mwajuma